Sindano Saba za Mek Som

Mganga Senik, Pok kwa heshima, akiona dhahabu, mate humjaa. Ndiyo maana asubuhi ile, nje ya hospitali pale Kota Bharu, hakuiona bahasha ya picha aliyoshika Mek Som. Aliuona mkono wenyewe, bangili hadi kiwiko! Mek Som aliuza budu, mchuzi wa samaki waliochachushwa, sokoni, na wenye kuuza budu hawaweki pesa benki, huzivaa.

Mwaka uliopita Senik alimtia susuk, sindano nyembamba za dhahabu chini ya ngozi ya paji la uso, ili wateja wampende. Yaani, alisema amezitia. Zenyewe ziliingia kwenye mkunjo wa sarong yake, kisha zikauzwa, Mungu amsamehe.

"Dada, mbona umenuna?"

"Kichwa, Pok Senik. Picha imeonyesha doa kwenye ubongo. Watatoboa tundu dogo fuvuni, wapitishe sindano kwa kufuata picha, wachote kidogo wajue ni ugonjwa gani." Akaikumbatia bahasha. "Naogopa, wallahi."

Senik akaruka. "Sindano juu ya sindano? Thubutu! Zangu zikikutana na yao, utakuwa bubu! Lazima nizitoe kwanza. Bangili tano."

"Tano! Mlafi wewe!"

"Roho au bangili, dada?"

Mek Som akainama kidogo. "Haya. Lakini unitolee sokoni, mbele ya wenzangu, nizione kwa macho."

Hapo palikuwa na kazi. Wanawake wa soko lile utawadanganya kwa yote, si kwa dhahabu. Ikabidi Senik ayeyushe mkufu wake wa pekee apate sindano za kuonyesha. Chambo tu, alijifariji, atazirudisha mfukoni.

Kesho yake sokoni akabonyeza paji la Mek Som, akanong'ona, akapiga chafya ya heshima, na sindano saba zikatoka moja moja. Mek Som akaziuma zote. Dhahabu! Akampa bangili tano. Senik akazivaa bila kuziuma, kisha akanyoosha kiganja.

"Nirudishie sindano, nikazizike mtoni."

Mek Som akafumba ngumi, akamsogelea sikioni. "Daktari nilimwambia nina susuk. Akazitafuta kwenye picha, hakuna hata moja. Sasa waambie hawa kwamba hizi ni zako."

Senik akakirudisha kiganja. "Ni zako, dada."

"Mmesikia, jamani? Anatoa kweli!"

Lo! Foleni ikafika kwa wauza samaki. "Mimi ulinitia tisa, Pok!" "Zangu leo leo, kabla sijaumwa!"

Senik akakimbilia kwa sonara na zile bangili tano. Sonara akauma moja, akacheka mpaka akakohoa.

"Shaba hizi. Mek Som kazinunua kwangu jana."

Wiki iliyofuata Mek Som alirudi sokoni na bandeji kichwani. Lile doa lilikuwa jipu tu, la kupona kwa dawa. Alikuwa amelia kwa furaha mpaka budu ikazidi chumvi. Akamkuta Senik akiuza pikipiki yake apate dhahabu ya sindano za foleni.

"Yao ilikuwa sindano moja tu, Pok," akamwambia. "Lakini iliingia."