Don Gaspare na Unga Asioupenda

Jumatatu, 4 Machi 1974
Tumemzika Saro, mpwa wa Don Gaspare. Unga ulimmaliza huko Milano. Don mwenyewe alibeba jeneza. Alilia! Miaka yote niliyofanya kazi kwenye ghala lake la malimau sijawahi kumwona akilia. Kisha mbele ya padri akaapa kwamba mtu wake atakayegusa unga atamfuata Saro kaburini. Sigara za magendo, sawa. Kuwatoza wenye maduka hela za ulinzi, sawa. Unga, mwiko. Tuccio, dereva wake, akaitikia amina kumshinda padri. Mnafiki! Kiti cha mkono wa kulia wa Don ni changu, ila Don hajajua tu.

Jumatano, 6 Machi
Wageni wawili kutoka Marseille. Don hakuwaingiza nyumbani, hata kahawa hakuwapa. Kaongea nao ghalani, kasimama, leso puani. Nikamuuliza kama ni wateja wa malimau. Akanijibu, "Nofrio, wewe kula, lala, pakia malimau." Ajabu. Kama anawachukia hivyo, mbona aliwasindikiza mpaka kwenye gari?

Jumamosi, 9 Machi
Ugunduzi! Nimeinua sanduku la kwenda Amerika, zito kupita kiasi. Chini ya malimau, pakiti za unga, na si wa mkate. Masanduku mengine vilevile! Ufunguo wa ghala tunao watatu: Don, Tuccio na mimi. Mimi siye. Don ameapa. Basi Tuccio! Nimeimba njia nzima kurudi nyumbani.

Jumatatu, 18 Machi
Mchana, mji umelala baada ya kula. Nimeumwaga unga wote baharini, nyuma ya gati. Wiki hii sili dagaa.

Jumanne, 19 Machi
Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Meza ndefu kwa Don, mji mzima upo. Nikasimama, nikatangaza: nimekuta unga kwenye ghala la Mzee wetu, nimeutupa wote, na msaliti yumo humu ndani! Don akawa rangi ya malimau yake. Padri akapiga makofi. Donna Agata, mama yake Saro, akanibusu mikono huku analia. Watu wote wakamgeukia Don. Akainuka taratibu, akanikumbatia, akaninong'oneza sikioni, "Wote?"

"Wote, Mzee!" nikasema kwa fahari.

Akaketi. Pasta hakuigusa. Tuccio aliniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa mahututi.

Jumatano, 20 Machi
Nimeitwa ofisini. Nilivaa tai, nikijua ni kupandishwa cheo. Don akafunga mlango. Akasema yale masanduku yalikuwa yake.

Nikamwambia, "Lakini Mzee, uliapa. Ulilia!"

"Nililia kweli. Nakichukia kile kitu kutoka moyoni. Lakini nisipopakia mimi, atapakia mwingine, na huyo mwingine kesho atakaa hapa nilipokaa mimi. Tena Saro alinunua Milano. Masanduku yangu yanakwenda Amerika."

Nilikuwa na hamu ya kujua, basi nikauliza: huko Amerika hakuna akina mama?

Akageukia dirisha. Kisha akasema, bila kugeuka, "Ungekuwa mtu mwingine, ungekuwa chini ya gati sasa hivi. Lakini Agata amekuwashia mshumaa kanisani. Nikikugusa, mji mzima utajua unga ulikuwa wa nani. Nenda mlimani kwa binamu yangu, ukachunge kondoo. Na mdomo ufunge!"

Jumapili, 31 Machi
Mlimani. Baridi, kondoo, harufu. Nimepata nafasi ya kufikiri, na nimeelewa. Don amejitwisha kosa la Tuccio! Moyo gani ule! Mtu anayekichukia kitu kutoka moyoni, aliyelia vile, hawezi kukipakia. Anamkinga dereva wake tu.

Na leo nimegundua jambo. Binamu yake, Vartulu, anatengeneza jibini za kusafirisha. Nimeikata moja. Katikati, unga! Maskini Don, hata ndugu zake wanamzunguka. Lazima nimwokoe. Kosa langu mara ile lilikuwa moja tu: watu walikuwa wachache. Pasaka anakuja askofu, na redio pia. Nitasimama pale pale kanisani.

Tai nimeshaifua.