Nilivyoungama Habari ya Mbegu Mbele ya Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha kwa sebule yangu mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Naandika nikiwa katikati ya majani chai, nimejifanya nang'oa magugu, kwa sababu ndani siwezi kurudi saa hii.

Mambo yalianza jana jioni kwa kituo cha kupimia majani, hapa karibu na Sotik. Redio ilikuwa imezungumzia vijana wa Nairobi wanaotoa mbegu za kiume, na wasichana wanaotoa mayai, ili watu waliokosa watoto wasaidike. Tena wanapewa kitu kidogo. Watu walichemka kuliko sufuria. Mmoja akasema kutoa ni sawa, kulipwa ndiyo dhambi. Mwingine akasema hata kutoa bure ni kutupa watoto wako. Mimi nikanyamaza. (Nina sababu. Ngoja.) Nimeamka leo bado maneno hayo yanazunguka kichwani.

Saa nne hivi mama mkwe akafika kutoka Silibwet kuona mtoto wetu wa pili. Mnajua heshima ya mkwe kwetu Wakipsigis. Mimi na yeye huongea mambo ya mvua, na tukizidisha sana, mahindi. Mke wangu, Chebet, alikuwa anamimina chai. Mimi nimekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Hodi. Mama mmoja Mkisii, ametoka Chepilat, sijawahi kumwona. Akapewa kiti, akapewa chai. Akauliza kama mimi ndiye Langat. Nikasema ndiye. Akasogeza kiti karibu, akashusha sauti (ule mnong'ono ambao hata jirani anausikia).

"Nimeambiwa wewe ndio wa mbegu."

Chai ikanipitia puani. Nikajua kuna mtu pale kituoni alinisoma uso.

Hakunipa nafasi. Akaeleza kwamba amejaribu mara mbili, haijashika. Mzee wake hataki kusikia mambo ya kulipia. Anasema kwa jirani iko ya bure, atumie hiyo. Lakini yeye ya jirani haitaki, maana ameona waliozaliwa nayo, wadogo na hawana afya. Anataka ya mbali. Na kama inawezekana, itoe wa kike tu.

Hapo ndipo akili yangu ingefanya kazi. Haikufanya.

Mama mkwe aliweka kikombe chini polepole. Nikaona heri nijitetee mapema. Nikasimama. (Sijui kwa nini nilisimama. Si kortini.)

"Mama, umedanganywa," nikamwambia. "Mimi nilitoa mara moja tu, nikiwa mwanafunzi Nairobi. Kwa hospitali, kwa heshima. Na sikuuza. Ile nilipewa ilikuwa ya nauli na usumbufu."

Chebet anajua, nilimwambia kabla hatujaoana, na tukakubaliana wazazi wasisikie kamwe. Yeye aliendelea kumimina chai. Kikombe kilikuwa kimejaa zamani.

Yule mgeni akaniangalia kwa huruma. "Ulitoa nini? Mimi nauliza ya Friesian. Ng'ombe yangu iko na joto tangu asubuhi."

Jamani, mdogo wangu Wesley ndiye mtu wa kupandisha ng'ombe. Nyumba zetu ziko boma moja, lango moja, jina la baba moja. Kila siku namwona akitoka na ule mtungi wake wa mbegu kwa pikipiki. Nani husahau kazi ya ndugu yake? Nikampigia simu, akaja, akaondoka na mteja wake. Nikabaki na mama mkwe.

Na kinachonikera ni hiki. Ndume ikitoa mbegu, inaandikwa jina, uzito, na sifa za mama yake, na watu wanalipia wakijivunia. Mimi nikitoa, nimetupa watoto.

Nikaanza kumweleza mama mkwe tena habari ya nauli. Kila nilivyoeleza, ilizidi kusikika kama biashara. Akanikatiza. Akauliza kama ni kweli kuna watu husaidika. Nikasema ndiyo, hata kama sitawahi kuwajua. Kisha akamwambia Chebet, si mimi, kwamba dada yake mwenyewe mkubwa alirudishwa kwao kwa kukosa mtoto. Yule mume akaoa wengine wawili, nao wakakosa vilevile. Hakuna aliyekuja kumwomba dada yake msamaha.

"Angepata hiyo, hata kwa kulipa," akasema, "angezeekea kwake."

Sikujua niangalie wapi. Chebet hakuwa amewahi kusikia hayo. Mimi nikashusha pumzi, nikafikiri basi yameisha, tena yameisha vizuri kuliko nilivyostahili.

Ndipo akanigeukia. Akanipima taratibu kutoka miguuni, akapanda kwa tumbo, akafika kwa masikio (masikio yangu mnayajua yalivyo makubwa).

"Na huko Nairobi," akauliza kwa upole, "hawakuwa na mtu mwingine?"

Chebet akakimbilia jikoni. Bado anacheka, namsikia mpaka huku kwa majani.

Basi na nyinyi msinimalize. Ila mtu akikuuliza habari ya mbegu, kabla hujaungama chochote, muulize kwanza ni za mnyama gani.