Rafiki Yangu Anaogopa Lifti

Alhamisi, 5 Juni

Siku njema kupita zote! Binti yangu amepata chumba cha duka lake la miwani. Miaka sita amefanya kazi kwenye maduka ya watu, sasa lake mwenyewe! Mke wangu kapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Ufunguzi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Binti amesema utepe nitakata mimi, si mwingine, maana mimi ndiye niliyemfundisha kushika bisibisi ndogo akiwa bado ana mapengo ya meno ya mbele. Nimelia kidogo. Kisha nikauliza duka liko wapi. Ghorofa ya saba, jengo jipya la kona.

Machozi yakakauka papo hapo.

Ghorofa ya saba maana yake lifti. Mimi na lifti hatusalimiani tangu mwaka ule nilipokwama ndani ya moja kwa muda wa saa tatu, na mtu mwenye kwikwi. Mimi, fundi kufuli, niliyefungua nusu ya milango ya mtaa huu, nimeshindwa na mlango unaojifungua wenyewe! Hakuna anayejua. Hata mke wangu anadhani napenda ngazi.

Kaka yangu naye alikuwepo. Chai haimpiti. Alifika akitweta, kwa kuwa siku zote huja kwetu kwa kuzunguka barabara ya nyuma badala ya kukatisha mbele ya gereji. Anasema ni mazoezi. Akatangaza kwamba nikibanwa na kazi, yeye kama baba mkubwa wa mtoto yuko tayari kukata utepe. Mkasi tayari kanunua. Kanunua lini? Nani alimtuma? Tutaona!

Ijumaa, 6 Juni

Dawa imepatikana: ngazi! Nimefunga kibanda mapema, nikaenda kufanya jaribio. Ghorofa ya kwanza, raha mustarehe. Ya pili, nikavua koti. Ya tatu, goti la kulia likaanza kunikumbusha umri. Ya nne nikaketi. Mfagiaji alifagia kushoto kwangu, akasubiri, akafagia kulia kwangu, kisha akauliza huu mzigo ni wa nani.

Nimefika ya tano kwa dakika arobaini. Kushuka ndiyo usiseme. Ngazi basi.

Jumamosi, 7 Juni

Nimekwenda duka la dawa. Mfamasia wetu ni dada mpole, mtaa mzima unampenda. Nikamwambia nina rafiki anayeogopa lifti, je, kuna kidonge? Akasema kidonge hakuna, ila kuna tiba ya mazungumzo, inaitwa tiba ya fikra na tabia. Mtaalamu anakaa na mgonjwa, wanaichambua ile hofu inasema nini na ina ushahidi gani, kisha mgonjwa anapewa kazi za nyumbani za kuikaribia hatua kwa hatua. Nikauliza mtaalamu wa namna hiyo atakuwa mbali sana? Akasema wala, yupo hapahapa mtaani. Nikafurahi! Akaniandikia kwenye karatasi. Jengo jipya la kona. Ghorofa ya sita.

Ya sita! Ni sawa na kumwekea asiyejua kuogelea darasa katikati ya ziwa.

Nimepiga simu zahanati kuuliza kama hakuna mwingine, wa chini. Wakauliza wa chini kwa cheo au kwa bei. Nikasema kwa sakafu. Yupo mmoja, mji wa pili, nafasi zimejaa hadi Septemba.

Kufikia saa saba mchana muuza magazeti, kinyozi na mama wa matunda wote wameshaniuliza rafiki yangu anaendeleaje. Mama wa matunda amempelekea machungwa matatu kwa mkono wangu. Nimeyala njiani. Matamu.

Jumapili, 8 Juni

Akili imenijia wakati nanyoa ndevu! Tiba yenyewe ni maneno. Maneno yanabebeka! Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuja kwetu kwa wiki mbili mwaka juzi na bado yupo, na lifti huipanda akipiga mluzi. Basi aende yeye kwa mtaalamu Jumanne, ajiite mimi, atibiwe, aniletee tiba nyumbani. Si watu hutumana dawa kila siku?

Shemeji alisita. Nikamwahidi kiti changu chenye mto, wiki nzima. Akaacha kusita.

Mke wangu aliuliza tunanong'ona nini uani. Nikasema mazungumzo ya wanaume wenye akili. Akasema basi hayatachukua muda.

Jumanne, 10 Juni

Shemeji kaondoka saa tatu, karudi saa tano, macho yanang'aa. Mimi huku kibandani nimeharibu funguo mbili za mteja kwa wasiwasi, tupa inakula pasipotakiwa. Taarifa yake: mtaalamu ni mama wa makamo, mcheshi. Alimuuliza kapandaje hadi juu. Shemeji akajibu: kwa lifti. Mama akaandika kitu kirefu kwenye faili. Mbumbumbu! Nilimwambia aseme ngazi!

Hata hivyo kazi ya nyumbani imefika, kwenye karatasi, kwa mwandiko wa Shemeji. Siku ya kwanza: kusimama mbali kidogo na kusalimia kwa sauti inayosikika. Siku ya pili: kusogea, kutabasamu, kuuliza habari. Siku ya tatu: kusifu kitu kimoja, kwa ukweli. Siku ya nne: kukaribisha chai.

Nikamuuliza kama ana hakika. Akaapa, ila hakunitazama usoni. Hiyo ya chai imenitatiza. Lakini mtaalamu ni yule mama, si mimi.

Jumatano, 11 Juni

Saa mbili asubuhi nimesimama kwenye ukumbi wa chini wa lile jengo, hatua kumi kutoka kwenye lifti. Nikasema kwa sauti inayosikika: habari za asubuhi. Lifti haikujibu. Alijibu mlinzi, na watu watatu waliokuwa wakisubiri, mmoja akaniuliza na habari za nyumbani. Nikajikausha. Moyo ulidunda kama kawaida yake, lakini sikukimbia!

Sikukimbia! Mimi! Nimerudi kibandani nikiimba. Tiba hii ni kiboko.

Alhamisi, 12 Juni

Siku zinakwisha, nimeunganisha ya pili na ya tatu. Nikasogea mpaka hatua mbili. Nikatabasamu. Nikaiuliza lifti imeamkaje. Kisha nikatafuta cha kusifu kwa ukweli, na hapo sikupata shida: nikaisifu milango yake, kwamba imenyooka, inakutana vizuri katikati, haina hata mkwaruzo, na kwamba mimi ni fundi, mlango mzuri naujua nikiuona.

Milango hiyohiyo ikafunguka. Ndani, mama wa makamo, faili kwapani.

Akauliza kwa upole kama nilikuwa nazungumza naye. Nikasema hapana, nazungumza na lifti. Kwa niaba ya rafiki. Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Akasema ajabu, yeye ana mgonjwa mmoja, fundi kufuli, anaogopa lifti lakini huipanda akipiga mluzi, na hajui hata kitasa kina pini. Akaiangalia mikono yangu, vumbi la shaba mpaka kwenye kucha. Nilitamani ardhi inimeze.

Wala hakunigombeza. Akanipa neno la kumpelekea rafiki: hofu ikipanda asikimbie, aiulize ushahidi uko wapi, asubiri, itashuka yenyewe. Na akasema mlango wake uko wazi kwa rafiki huyo, siku atakayokuja mwenyewe. Mama mwerevu sana. Nimemshukuru kwa niaba ya rafiki.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesalitiwa!

Nimepita duka la dawa alasiri, namkuta nani? Shemeji. Nywele kachana. Kaegemea kaunta, anamwambia mfamasia kwamba mwandiko wake unasomeka kuliko wa madaktari wote. Kisha akamkaribisha chai. Chai! Siku ya nne! Nikamvuta nje kwa ukosi wa shati. Akakiri yote. Kumbe mtaalamu alimuuliza mara mbili tu kinachomtisha hasa ni nini, naye akamwaga mambo yote: mwaka na nusu ananunua dawa ya kikohozi asichokuwa nacho, kwa sababu anafika mbele ya yule dada na salamu inamkauka mdomoni. Tiba ilikuwa yake! Mimi nimeitongoza lifti kwa maagizo ya mtu mwingine!

Nilijiandaa kumfokea. Lakini mfamasia alitoa kichwa mlangoni, akasema chai anakubali, na kesho atakuja naye kwenye ufunguzi. Shemeji akanikumbatia barabarani. Nikacheka mpaka mbavu zikauma. Ningefanyaje?

Ila kesho ndiyo kesho, na mimi sina tiba. Nimempigia binti simu nikamshauri jambo la kipekee kibiashara: utepe uwe mrefu, ushushwe kwa dirisha la koridoni kutoka ghorofa ya saba, mimi niukate huku chini, umma ukishuhudia. Akasema sawa, baba.

Hakuuliza kwa nini. Laiti angeuliza. Mtoto amesubiri miaka sita, na baba yake anamkatia utepe kwa mbali kama mtu anayedaiwa. Nimeona haya, kweli.

Jumamosi, 14 Juni

Nianzie wapi!

Saa nne kamili nimesimama chini ya jengo: suti, mkasi, begi la zana begani kwa mazoea, shingo juu. Utepe mwekundu ukaanza kushuka. Ghorofa ya sita. Ya tano. Upepo ukauchukua, ukanasa kwenye bomba la maji ghorofa ya tatu. Ukakaa hapohapo.

Simu ikalia. Ni binti. Baba mkubwa alishika ufunguo wa duka kwa pupa ili awe wa kwanza kuingia, akauzungusha upande usio wake, umevunjikia ndani ya kitasa. Wageni wote wamesimama koridoni, na wateja wa kwanza wameanza kutazama saa. Akasema hataki utepe tena. Anamtaka baba yake.

Ngazi, dakika arobaini, tena hadi ya tano tu. Lifti, moja.

Nikaenda mbele ya lifti. Nikaisalimia, nimeshazoea. Milango ikafunguka, na ndani alikuwepo mtaalamu, kapendeza, amealikwa kama jirani wa chini. Alisogea pembeni akaniachia nafasi.

Nikaingia!

Milango ikajifunga. Mungu wangu! Nikamwambia mtaalamu nitafia humu. Akauliza ushahidi. Nikasema nilishawahi kukwama. Akauliza siku hiyo nilikufa? Nikakiri sikufa, ila kwikwi ya yule bwana bado naisikia. Ghorofa ya tatu, kijasho chembamba. Ya nne, nikaanza kufikiri kile kitasa ni cha aina gani, kipande kimelala vipi, nianze na kibano au na waya. Waya, nikaamua. Nilipoinua macho, saba.

Kipande kimetoka kwa dakika mbili na nusu. Koridoni kukalipuka makofi! Binti yangu akanikumbatia, akaninong'oneza kwamba alijua tangu utotoni baba yake anaogopa lifti. Alitafuta chumba cha chini, akakosa, na wiki nzima hakulala vizuri akihofu sitakuja. Nikalia, na safari hii si kidogo. Kaka akanikabidhi mkasi wake mpya, sura imemshuka. Utepe wetu ulikuwa bado ghorofa ya tatu, kwa hiyo mfamasia akavua ule wa nywele zake, Shemeji akashika upande mmoja, mke wangu upande wa pili, nikakata.

Nimeshuka kwa lifti. Nikapanda tena. Nikashuka. Safari ya nne mlinzi akaniomba niwaachie na wengine.

Jumatatu, 16 Juni

Mtaa mzima umempongeza rafiki yangu. Mtaalamu naye amepita kibandani kuchongesha ufunguo. Amesema nimeanza vizuri sana, zimebaki ziara tano ili hofu isije ikarudi, ya kwanza kesho Jumanne saa tatu. Ziara za nini? Mtu si kapona? Ila mama wa watu mwema, sitaki kumvunja moyo.

Mtaalamu hajafika mbali, kaka yangu huyo, anatweta, katokea barabara ya nyuma. Akauliza kama yule mtaalamu hutibu na hofu nyingine. Ana rafiki. Rafiki huyo, mtu mzima na heshima zake, anaogopa mbwa, hata yule kikongwe wa gereji asiye na jino hata moja. Sasa rafiki anaona haya kwenda.

Nilimwelewa kabla hajamaliza. Ndugu yangu! Miaka yote hiyo ya mazoezi! Nilimwonea huruma, nikamshika bega. Maneno ya kumwambia yalikuwa machache, na hakuna anayeyajua kuliko mimi: aende mwenyewe, wala haitamuua.

Nikamwambia asihangaike, nina mtu.

Shemeji amekubali. Kiti chenye mto ni chake mpaka Desemba. Amenikumbusha kwamba mtaalamu ameshamjua sura. Kana kwamba hilo sikulifikiria! Nimempeleka moja kwa moja dukani kwa binti yangu, kwa lifti, nikamchagulia miwani mikubwa myeusi. Kesho saa tatu atakuwa mimi. Saa nne, akishavaa miwani, atakuwa Kaka.