Shikamoo ya Lukresia

Jumatano, 2 Julai

Leo Lukresia ameniamkia. Shikamoo kamili, magoti yamepinda kidogo, mbele ya wateja.

Sikutegemea. Alikuja dukani kununua taa ya sola. Mimi ndiye Anatoli, muuza sola na redio karibu na stendi ya Bariadi, yeye ni fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara. Tangu msimu wa kupanda pamba nina mpango wa kumwoa. Yeye hajaambiwa bado, lakini mpango upo na umekomaa.

Nikaitikia marahaba. Mdomo uliponyoka wenyewe! Ukishaitikia marahaba umekwisha. Utamposaje mtu uliyempokelea shikamoo?

Kosa ni la ndevu. Kwa watu wote nina miaka thelathini na sita. Kitambulisho kina maoni mengine, lakini kitambulisho kinakaa sandukuni. Ndevu ndizo zinatembea nami. Kila Jumamosi nazipaka piko, kufika Jumatano mvi zimechungulia. Nikinyoa kwa wembe natoka vipele. Mama Kwandu, anayeuza michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, barazani kwangu, anasema uso wangu ni kama pamba iliyoingiwa na funza.

Wakati huohuo Mayala, fundi simu, hana hata udevu mmoja. Anamwita Lukresia mrembo mchana kweupe na hakuna anayeshangaa. Simpendi.

Jumamosi, 5 Julai

Dawa nimeipata kwenye simu. Inaitwa leza. Ni mwanga tu. Unamulikwa, mzizi wa unywele unaungua, kwaheri ndevu. Kidevu kinabaki kama yai.

Nimepiga kliniki moja ya ngozi huko Mwanza. Aliyepokea ni sista, sauti laini. Akaniagiza ninyoe siku moja kabla, nisizing'oe kwa kibano wala kwa nta, maana mwanga unautafuta mzizi, na mzizi ukishang'olewa mwanga utamulika nini. Nisipake mafuta usoni. Nikae mbali na jua, kabla na baada.

Kukaa mbali na jua, Simiyu, mwezi wa saba. Nikasema hakuna shida.

Mama Kwandu nimemwambia nafuata betri Mwanza. Alikuwa amesikia nusu ya simu, akauliza betri gani inayotaka mtu anyoe kwanza. 

Jumanne, 8 Julai

Nimerudi. Naandika nikiwa na kitambaa cha maji baridi kidevuni.

Sista anaitwa Eufrasia. Hakuniamkia. Alisema mambo, nikasema poa. Moyo ulitulia.

Alieleza mengi. Kwamba mashine yao inafaa ngozi nyeusi, kwa sababu kuna nyingine zinazounguza ngozi zetu. Kwamba mwanga unafuata weusi ulio ndani ya unywele na kushuka nao hadi mzizini. Kwamba ndevu hazitoki leo, zitaanguka zenyewe baada ya wiki mbili hivi, halafu nyingine zitaota tena, chache na dhaifu, kwa hiyo nirudi mara kadhaa. Hakuna anayemaliza kwa siku moja, alisema. Nikamjibu kwamba hao wengine sio mimi.

Kisha akauliza kama nina mvi, maana mwanga hauuoni unywele mweupe. Ukikutana nao unaupita tu.

Nikamwambia ukoo wetu hauna mvi. Babu yangu alizikwa na kichwa cheusi. Akauliza kama huwa napaka piko. Nikasema piko ni mambo ya wanawake. Kwa kuwa nilikuwa nimenyoa, hapakuwa na ushahidi.

Akanivalisha miwani myeusi kwa mikono yake mwenyewe. Akasema nitasikia kama nachapwa na mpira wa kufungia hela. Mpira upi huo! Ule ulikuwa wa manati, na mpigaji alikuwa na kisasi. Juu ya mdomo ndiko kubaya zaidi. Chumba kikanuka kama kichwa cha mbuzi kinachobabuliwa motoni. Machozi yalipita chini ya miwani, nikasema ni mafua.

Jumamosi, 12 Julai

Mzee Mashimba, baba yake Lukresia, anajenga zizi jipya kwake Lalago. Ameomba vijana wa kumsaidia. Nikaona hii ndiyo nafasi ya kuhesabiwa miongoni mwa vijana.

Tatizo ni jua. Sista alisema mbali. Nikaazima mwavuli wa Mama Kwandu, ule wa maua, nikajitanda kanga usoni mpaka chini ya macho. Nikafika hivyo.

Mayala alikuwa amevua shati, anabeba magogo begani. Mzee Mashimba akanitazama sana, akauliza kama naumwa. Nikasema macho. Akawaita wanawake wanipe uji na kunikalisha nao kivulini.

Mchana mzima nimekata viazi vya michembe na akina mama. Lakini Lukresia alikaa karibu nami! Alinisimulia mambo ya cherehani yake, na mambo ya baba yake anayemtaka mkwe mwenye ng'ombe. Alicheka mara nyingi. Mayala alipewa nyama, mimi nilipewa uji, lakini kicheko nilikipata mimi. Kwa hesabu zangu nimeshinda.

Jumatano, 16 Julai

Ndevu bado zipo. Sista alisema nizingoje zianguke zenyewe. Nimengoja vya kutosha.

Leo nimezisaidia. Nimechukua wembe wa zamani, bila maji, nikakwangua kwa kwenda juu. Nikafuatisha spiriti ili kuua wadudu. Spiriti ikawasha, nikapaka samli ili kupoza. Kufikia saa kumi kidevu kilikuwa kimevimba na vipele vimejaa mpaka shingoni.

Nimempigia Sista Eufrasia.  Akauliza samli ya nini. Nikasema ni ya kupoza. Ameagiza kitambaa cha maji baridi tu, na wembe usiguse uso huu mpaka vipele vipone kabisa.

Ana huruma sana yule dada.

Jumanne, 22 Julai

Zinaanguka! Nimejifuta uso asubuhi, taulo limebaki na vinyweleo vyeusi. Nikajifuta tena, vikatoka vingine. Nimeimba wimbo wa kwaya, sauti zote nne, peke yangu. Nilimwomba Mungu anisamehe kwa kumdharau Sista.

Nikatoka barazani bila kujitazama. Mama Kwandu akanikazia macho, akaacha kupima michembe. Akauliza kwa upole kama nimefiwa.

Nikaenda kwenye kioo.

Nyeusi zimeondoka, kweli. Zilizobaki ni zile ambazo ukoo wetu hauna. Zimesimama zote, nyeupe pee, na kwa kuwa sijagusa wembe zimerefuka. Zamani zilijificha katikati ya nyeusi. Sasa hakuna wa kuzificha. Nilikuwa na mvi kidogo kwenye ndevu, sasa nina ndevu za mvi tupu.

Nimejaribu piko upande wa kushoto. Vipele vikawaka kama nimepakwa pilipili, nikatumbukiza uso kwenye ndoo ya Mama Kwandu ya kuloweka michembe. Kanidai ndoo nyingine.

Mchana huu nimepokea shikamoo za barabara nzima. Katekista naye kaniamkia, na katekista ndiye aliyenifundisha komunyo ya kwanza.

Alhamisi, 24 Julai

Mayala amekuja dukani. Kofia mkononi, macho chini. Mwadila, baba, akaniamkia kwa Kisukuma. Baba!

Jumamosi anapeleka posa Lalago, kwa Mzee Mashimba. Kwa Lukresia wangu. Mjomba wake Mboje ndiye aliyekuwa msemaji wa upande wao, lakini jana ameanguka na pikipiki na kuvunjika mguu. Posa haiendi bila mzee wa kusema. Akasema amezunguka mji mzima akitafuta mtu ambaye sura yake tu inatosha kunyamazisha watu, ndipo akakumbuka alivyoniona juzi nikipita.

Nilitaka kumfukuza. Kisha akili ikawaka. Msemaji ndiye anayejenga posa, na msemaji ndiye anayeweza kuibomoa. Nikamshika bega. Nikamwambia mwanangu, umefika.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mayala amenivaa mwenyewe, na vifungo kafunga.

Mama Kwandu anasema tabasamu langu halimpendezi.

Jumamosi, 26 Julai

Nilikalishwa kwenye kigoda, mbele ya wote.

Desturi inajulikana. Upande wa kijana unamsifia kijana wao, halafu unalia umaskini ili ng'ombe wapungue. Mimi nikafanya kinyume. Nikasimama, nikakohoa, nikasema kijana huyu hajui kukamua. Fahali akimtazama anakimbia. Mifugo yake yote ni picha zilizomo kwenye simu.

Shangazi zake Mayala wakanitazama kama fisi aliyeingia zizini. Sikujali. Nikamgeukia Mzee Mashimba, nikamwambia ng'ombe aliowataja ni wachache mno kwa binti kama huyu. Binti huyu ana mikono ya kazi na kicheko cha kumponya mgonjwa. Aongeze.

 Nikajua nimemmaliza Mayala.

Mzee Mashimba akainuka polepole. Akasema ameozesha mabinti wengi, na hajawahi kuona wageni wanaosema ukweli juu ya kijana wao na kumthamini mtoto wa mwenzao. Waongo wote huja wakisifia. Hii ndiyo kazi ya mvi, akasema, na akazinyooshea kidole ndevu zangu. Kwa heshima ya mvi hizo anaondoa ng'ombe wawili.

Nikapinga. Akaondoa mwingine. Nikakaa chini kabla hajamtoa binti bure.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Binti huulizwa. Alicheka nami kivulini, huenda angekataa. Lukresia akaitwa, akaja, akapiga magoti mbele yangu. Shikamoo, baba. Akasema amekubali.

Baadaye akanifuata pembeni. Alikuwa analia. Akasema alikuwa na hofu kwamba baba yake atamkataa Mayala kwa kukosa ng'ombe, na kwamba siku ile ya mwavuli alipozungumza nami alijisikia kama anazungumza na marehemu baba yake mdogo. Akasema hatanisahau.

Nikasema marahaba.  Nimeumia, na sitaandika zaidi kuhusu hilo.

Nilipewa nyama laini, ile ya wazee. Nilikula yote.

Jumapili, 10 Agosti

Vipele vimepona. Nyeusi zimeanza kurudi, chache na dhaifu, kama alivyosema Sista. Nyeupe hazikwenda popote.

Harusi ni Septemba. Nimeombwa nikae meza ya mbele na nisinyoe. Familia mbili nyingine zimekuja kunitaka nikawasemee posa, moja ya Maswa, nyingine inatoka mbali, Meatu, sehemu za Lingeka. Nimewakatalia. Mimi ni kijana, sina muda wa mambo ya wazee.

Nimekuwa nikitafakari. Nilikosea mtu, sikukosea mpango. Kwa nini nihangaike na binti anayepiga magoti wakati Mwanza kuna dada aliyesema mambo? Aliyenivalisha miwani kwa mikono yake? Aliyeniuliza habari za samli kwa masikitiko? Mtu hamvalishi miwani mtu asiyempenda.

Keshokutwa narudi kliniki, mara ya pili. Mama Kwandu, ambaye sasa anajua kila kitu, amenishauri nimweleze sista ukweli kuhusu mvi, kwa kuwa ndiye mwenye kujua mashine yake. Hayo ni mawazo ya mtu ambaye hajasafiri.

Mwanga unafuata weusi. Vizuri. Basi kila kitu kiwe cheusi. Leo nimepaka piko zito, tabaka mbili, na nimekaa mlangoni juani likauke na kuzama mpaka kwenye mizizi. Kesho nitanyoa kama alivyoagiza, lakini weusi utakuwa umeshaingia ndani. Mashine itadanganyika.

Kidevu kinaanza kuwasha kidogo. Ni dalili kwamba piko linafanya kazi.

Akiuliza umri, ni thelathini na mmoja. Akiuliza kama nina mvi, nitamwambia ukoo wetu hauna.