Bahari Iliyosogeza Mpaka wa Hifadhi

Kwa Mkuu wa Hifadhi ya Ziwa la Chumvi,

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na watumishi wako wote. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia. Naishi na mke wangu katika nyumba ya mwisho ya mtaa ulio kando ya ziwa. Wiki iliyopita askari wako alituletea ilani ya kuhama, kwa kuwa tunaishi ndani ya hifadhi. Mke wangu alimwambia, "Mwanangu, sisi hatujasogea hata kidogo. Kamuulize aliyesogea." Askari akacheka, akaibandika ilani mlangoni, akaomba maji ya kunywa.

Niruhusu nieleze, maana ualimu haustaafu. Sheria yako inasema hifadhi huanzia ukingo wa maji na kuingia nchi kavu hatua mia moja. Tulipojenga, mpaka huo ulikuwa mbali nasi. Fungu refu la mchanga lilitenga ziwa na bahari, na maji yaliingia na kutoka kwa mlango mmoja, upande wa kusini. Dhoruba ya mwaka jana ililipasua fungu katikati. Mlango mpya ukafunguka mbele ya nyumba yetu, ule wa zamani ukazibwa na mchanga, na tangu hapo mawimbi yanaumega ukingo wetu. Sisi hatukuingia hifadhini. Hifadhi imetufuata nyumbani. Mkosaji basi anajulikana, na makosa yake ni haya:

1. Amechukua mchanga bila kibali. Shemeji yangu, fundi mwashi, alichota ndoo mbili za kurekebishia sakafu, akalala rumande. Bahari imebeba fungu zima mchana kweupe, na watalii wakaipiga picha.

2. Amefungua mlango bila tathmini ya mazingira. Mimi nilipotaka kufungua dirisha tu upande wa ziwa, ofisi yako ilidai michoro, mihuri na maoni ya mtaalamu wa ndege.

3. Ameng'oa mikoko upande mmoja, akaenda kuotesha miche upande wa pili, kwenye matope mapya, bila kumshauri mtu. Nakiri miche imeshika vizuri. Lakini kushika vizuri si kibali.

4. Huingia hifadhini mara mbili kwa siku na hajawahi kukata tiketi.

Kwa hiyo naomba bahari nayo ibandikiwe ilani, ipewe muda uleule tuliopewa sisi, na irudishe kila chembe ilipoitoa.

Likishindikana hilo, ninalo ombi la pili. Kanuni zako zinakataza kumbughudhi kiumbe yeyote anayeishi ndani ya mpaka. Sisi tunaishi ndani, kwa maandishi yako mwenyewe. Naomba basi tuorodheshwe pamoja na kasa. Nyumba izungushiwe kamba, wageni watutazame kwa mbali, na wasipige kelele wakati wa usingizi wa mchana. Mke wangu hapendi kufananishwa na kasa, ila amekubali kwa sababu kasa hahamishwi.

Hatuna pengine pa kwenda, Mheshimiwa. Watoto wetu wote walizaliwa katika chumba cha nyuma, na mama yangu alifia humohumo. Nyumba hii si ya kufungwa kamba ikapakiwa kwenye gari.

Nisalimie dereva wa boti, wafagizi, na yule mama wa masijala anayepokea barua zangu bila kuguna. Familia yako pia, hata wale nisiowafahamu.

Wako katika kutii sheria, hata zinapotembea,

Mwalimu mstaafu,
Nyumba ya mwisho

Nyongeza: Nilikwisha kuifunga bahasha, nimelazimika kuifungua. Upepo umegeuka. Leo asubuhi tumeamka tukakuta mchanga mwingi umelundikana kwenye mlango mpya, na maji yamerudi nyuma kabisa. Mbele yetu pana ufuko mpana wa kutosha kiwanja cha pili. Mke wangu ameshaanika nguo huko, na shemeji anapima msingi. Tafadhali futa mashtaka yote. Bahari ni kazi ya maumbile, na ni ujinga wa binadamu kutaka kuiingilia. Tunaloomba ni moja tu: mpimaji wako aje leo hii kuuweka mpaka, kabla maji hayajajaa.