Gari Letu Halichemshi

Jumamosi, 7 Juni

Siku ya aibu, ila aibu isiyo na shahidi. Asubuhi nimefungua rejeta kuongeza maji. Mfuniko nikauweka juu ya betri, dakika moja tu. Nikafunga boneti, nikaendesha hadi sokoni. Kufika sokoni, mvuke! Maji yanaruka kila upande. Mfuniko haupo.

Nimerudi nyuma kwa miguu barabara nzima, kichwa chini. Watu wawili wameniuliza nimeangusha nini. Nimesema nanyoosha mgongo.

Mke wangu asijue. Tangu tulete gari hili nyumbani anasema nimenunua kibanda chenye magurudumu. Na kaka yake, yaani shemeji yangu, ndiye asijue kabisa. Yule ana gari jipya, analifuta kwa taulo ya uso. Ijumaa mama mkwe anafanyiwa upasuaji wa jicho, na anayempeleka ni mimi. Si shemeji. Nilisimama mbele ya ukoo mzima nikalitangaza hilo, wakapiga makofi, shemeji naye shingo upande.

Mama anaishi nasi. Jicho la kushoto limeshakufa kwa presha ya jicho. La kulia linafuata. Daktari bingwa anakuja Ijumaa hiyo tu, majina yanaitwa saa tatu, jioni anaondoka zake. Mama amesubiri miezi saba.

Mchana nimepata mfuniko mwingine kwenye magari mabovu. Wa gari la aina nyingine. Unaingia. Unacheza kidogo, lakini unaingia. Nimejipongeza.

Jumapili, 8 Juni

Tumetoka na mke wangu kumwona dada yake. Kila tukipanda mwinuko, mshale wa joto nao unapanda. Yeye haangalii barabara, anaangalia mshale. Nimejitia hamnazo, nikapiga mluzi. Akaniambia niache mluzi, gari linachemsha. Nikamwambia gari letu halichemshi, linapasha misuli. Alinikata jicho, nikauacha mluzi.

Jumatatu, 9 Juni

Kwa fundi. Sikutaka kwenda kwake, maana ndiye anayetengeneza gari la shemeji. Ukimwambia jambo asubuhi, shemeji analo kabla ya chakula cha mchana. Lakini mke wangu ameshikilia fundi huyo huyo, basi.

Ni mwanamke mfupi, ana daftari, anauliza maswali kama hakimu. Maji yanapungua lini? Baada ya kilima au hata foleni? Oili ina rangi gani? Nimejibu vizuri. Kisha akagonga mfuniko kwa kidole, akauliza kama ni wa gari hili hili. Akaeleza kwamba mfuniko unashikilia presha ndani ya rejeta. Usiposhika, maji yanachemka mapema na kujimwaga. Hata gari zima lisilo na ubovu linaweza kufa kwa mfuniko tu.

Nikauona moyoni uso wa shemeji anavyocheka. Nikasema ni wa gari hili tangu litoke kiwandani, na nimeupimisha mwezi jana. Akaandika: mfuniko mzima, umepimwa mwezi jana.

Jumanne, 10 Juni

Fundi amelifungua gari lote. Themostati, ile inayofungulia maji injini ikipata moto, kaichemsha kwenye sufuria, imefunguka sawasawa. Feni inazunguka. Mkanda mzima. Pampu ya maji haivuji. Rejeta haijaziba. Akakaa juu ya tairi, akaniangalia kwa muda mrefu mno. Kasema kuna kitu hapa kinamdanganya. Nikakubali, nikasema magari ya zamani hayana haya.

Amesema Alhamisi ataazima pampu ya kupimia presha, apime rejeta pamoja na mfuniko wake. Mpaka hapo nisilipeleke mbali kuliko duka la jirani.

Pamoja na mfuniko wake! Lo!

Njia ya kurudi nimepita maduka ya vipuri. Mfuniko wenyewe upo, mwenye duka aliutoa na kuuweka mezani. Lakini mlangoni kasimama nani? Shemeji, anachagua manukato ya kutundika ndani ya gari. Nikaomba balbu ya taa ya nyuma, nikaondoka na balbu.

Jumatano, 11 Juni

Akili ni nywele, na zangu bado zipo, angalau pembeni. Tatizo la nyumba hii si joto. Tatizo ni mshale! Mke wangu asingeuona mshale, kusingekuwa na maneno.

Nimeinama chini ya boneti, nikachomoa kijiwaya kimoja kwenye kipima joto cha injini. Nikawasha. Mshale umelala chini, haunyanyuki. Nimemzungusha mke wangu mtaani mara tatu. Hakuamini macho yake. Kaniuliza fundi kafanya nini, nikasema fundi kashindwa, nimelitengeneza mwenyewe. Akatabasamu! Mara ya mwisho kunitabasamia hivyo ilikuwa mwaka juzi. Nikajiona nimekua kwa futi moja.

Shemeji alipiga simu jioni. Amesema ana safari ya kikazi, ila yuko tayari kuiahirisha ampeleke mama mwenyewe, niseme tu. Nikamwambia aende zake salama, gari limepona. Akasema, haya, amenikabidhi mama yake.

Alhamisi, 12 Juni

Fundi amepiga mara nne. Sijapokea. Nilikuwa naosha gari.

Mama ametoka kuligusa. Anahesabu hatua: kitandani hadi mlangoni kumi na moja, mlangoni hadi langoni ishirini na sita. Kalipapasa gari kuanzia taa hadi mlango, kaniuliza rangi yake. Nikasema buluu. Ni buluu upande wa kulia.

Maisha yake yote mama ni mshonaji. Amesema haombi mengi, jicho limbakizie nuru ya kutosha atunge uzi kwenye sindano mwenyewe. Siku hizi anaomba watoto wetu wamtungie, na watoto wanachelewa. Nimemwambia mama, siku yenyewe ni kesho. Kanishika mkono, kaniita mwanangu. Shemeji hajawahi kuitwa hivyo kwa sauti ile, nina hakika.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa sababu sina la kufanya kwa mikono yangu.

Tuliondoka saa kumi na mbili. Mwendo wa saa mbili, kilima kimoja kirefu katikati. Mshale umelala. Nikamwonyesha mke wangu mara kwa mara. Kabla ya kilima niliwasha hita mpaka mwisho, maana hita hupunguza joto la injini, hilo nalijua. Madirisha nimefunga wasiisikie injini. Wakalalamika wanaiva. Nikasema vumbi si zuri kwa jicho.

Katikati ya kilima mama akasema taratibu, mwanangu, kuna sufuria imekauka. Nikasema ni watu wanachoma takataka shambani. Akasema hapana, yeye kapika miaka hamsini, harufu ya sufuria iliyokauka anaijua. Mke wangu akaangalia mshale. Umelala. Akamwambia mama yake atulie, gari ni zima. Aliniamini! Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Sikusimama. Kilele kilikuwa kinaonekana.

Kilio cha chuma. Mlio mmoja mzito. Kimya. Moshi mweupe ukatufunika, tukashuka tunakohoa, mama kashika begi lake la hospitali kifuani.

Kando ya barabara hakuna kivuli wala mtandao wa simu. Magari mawili yalipita bila kusimama. Tulikaa saa nne nzima ndipo likasimama lori la saruji. Mama alipandishwa juu kwa kusukumwa mgongoni, mwanamke wa miaka sabini na moja, gauni lake la kutokea limejaa saruji. Hakulalamika. Aliuliza saa ngapi, nikamdanganya kwa saa nzima.

Tumefika saa saba. Jina lake liliitwa mara tatu asubuhi. Nafasi kapewa mwingine. Daktari bingwa alikuwa bado chumbani, kwenye mgonjwa wa mwisho, orodha imeshafungwa. Nesi alimwonea huruma, akampima yeye mwenyewe. Kisha akamvuta mke wangu pembeni. Ziara nyingine ni mwezi wa kumi na moja, ikiwapo. Presha iko juu sana. Atampa matone, lakini kilichokufa ndani ya jicho hakirudi, na matone peke yake hayatalifikisha jicho mwezi wa kumi na moja.

Mke wangu hakunifokea. Bora angefoka.

Jumamosi, 14 Juni

Gari limevutwa kwa kamba hadi kwa fundi. Silinda hedi, kile kichwa cha injini, imepinda. Oili imeingiwa na maji, imekuwa mfano wa chai ya maziwa. Fundi kashika kile kijiwaya kilichochomoka, akamwonyesha mke wangu. Nimesema panya.

Shemeji kakatiza safari, karudi. Nilitegemea ngumi. Akakaa tu kitandani kwa mama, akalia. Sikujua pa kuangalia. Nimelia na mimi, ila bafuni, bomba likiwa wazi.

Jumanne, 17 Juni

Fundi kaniita. Kashusha injini yote, na chini yake, kwenye bati la kukinga matope, kakuta kitu kimekwama. Kakiweka mezani mbele yangu. Mfuniko wa rejeta! Wangu. Mzima, springi yake inaruka. Siku zote hizo ulikuwa chini ya injini, shibiri tatu kutoka mahali pake.

Akachukua na ule mwingine, akaiweka sambamba. Akafungua daftari, akanisomea: mfuniko mzima, umepimwa mwezi jana. Akauliza nina la kusema. Mke wangu kasimama mlangoni.

Nikaugeuza, nikautazama juu na chini. Nikasema sijawahi kuuona. Labda ni wa mwenye gari wa zamani.

Mke wangu katoka nje bila kufunga mlango.

Jioni mama kaniita. Mkononi ana sindano na uzi, watoto wako mpirani. Kwenye dirisha anaona mwanga, sindano haioni tena. Nimemtungia. Ilinichukua mara tano. Nikamwambia mama usijali, nimepata injini iliyotumika, safi kabisa, aliyeniuzia anasema haijawahi kuchemsha. Mwezi wa kumi na moja nakupeleka mimi mwenyewe, shemeji tusimsumbue.

Akauliza kama gari bado ni buluu.

Nikasema buluu tupu, mama.