Themostati Iliyoganda

Injinia alikuwa kibandani anakunywa chai alipoona gari kuukuu la rangi ya maziwa likisimama mbele ya duka la vitambaa, boneti ikifuka kama jiko la kuni mbichi. Akateremka mama wa makamo, tepu ya kupimia nguo bado shingoni, akalitazama gari kama mtu anavyomtazama shemeji mlevi. Injinia akaacha chai nusu.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe, na tumwachie, maana ndicho kitu pekee alichowahi kukitengeneza. Hakuwa na karakana, wala spana. Alikuwa na pikipiki nyekundu, shati lenye kalamu tatu mfukoni, na sauti ya daktari anayeleta habari mbaya. Kazi yake ilikuwa kutangaza vifo. Akikuta gari lina ugonjwa mdogo, analitangaza maiti, analichukua kwa bei ya maiti, anautibu ule ugonjwa mdogo, kisha analiuza likiwa zima. Kwa njia hiyo alishamliza mwalimu mstaafu, mkunga, na binamu yake wa damu, ambaye mpaka leo humshukuru.

"Pole, mama," akasema. "Usifungue hicho kifuniko, utaungua. Mimi ni injinia."

"Afadhali umekuja, baba. Gari hili aliniachia marehemu mume wangu. Kila nikifika hapa linachemka. Mimi ni fundi cherehani, mambo ya vyuma siyajui."

Maneno hayo yalimwingia Injinia kama asali. Akainua boneti, akagusa mpira wa juu, ule unaotoka kwenye injini kwenda kwenye rejeta. Injini ilikuwa inatokota, lakini mpira ulikuwa baridi. Hapo hakuhitaji kuwa injinia, bahati nzuri kwake: themostati imeganda. Ni kidude cha kutosha kiganjani, kinachokaa kama bawabu kati ya injini na rejeta. Injini ikiwa baridi kinafunga, ikipata moto kinafungua, maji yapite yakapozwe. Bawabu wa gari hili alikuwa amefunga mlango akalala. Kumbadilisha ni kazi ya saa moja, na bei yake haizidi ya mlo wa mchana.

Moyo ukamruka kwa furaha, uso akaukunja kwa huzuni. Akachomoa kijiti cha oili, akakitazama. Oili ilikuwa safi, haikuingiliwa na maji. Akatikisa kichwa.

"Mama, umekuja na mtu yeyote wa familia?"

"Kwa nini, baba?"

"Habari nyingine ni vizuri kuzisikia ukiwa umeshikwa mkono. Silinda hedi imepasuka. Bloku nayo, mwili wenyewe wa injini, imepasuka. Injini hii imekufa."

Mama akajishika mdomo. "Imekufa kabisa? Nisije nikatupa kitu kizima, mwanangu."

"Kabisa. Ukiipeleka kwa fundi atakula pesa yako bure. Naapa kwa macho yangu haya."

Mama akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Injinia akaona huruma inamjaa, ile huruma yake ya kazini, akajitolea kumwondolea mzigo. Angelichukua hivyo hivyo, kama chuma chakavu.

"Bei ya chuma itanisaidia nini?" mama akauliza kwa unyonge. "Hiyo pikipiki ni ya kwako?"

Hapo Injinia alisita. Lakini gari lile likipona lilikuwa na thamani ya pikipiki tano, na mnunuzi alishamjua. Wakaingia dukani, wakaandikishiana mbele ya muuza vitambaa, wakabadilishana kadi na funguo. Mama alimshukuru mara tatu. Injinia akatafuta watu wa kulisukuma gari mpaka uani kwake, akitembea nyuma yao kama bwana harusi.

Kesho yake alikwenda duka la spea. Mwenye duka, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akampangia themostati tatu mezani.

"Hii inafungua nyuzi sabini na moja, hii themanini na mbili, hii themanini na nane. Kwa gari la zamani kama hilo chukua ya katikati. Haka katundu kenye kipini kakae juu, hewa ipate kutoka. Na gasketi mpya, usirudishe ya zamani."

"Nipe ya sabini na moja. Ikifungua mapema, gari litakuwa la baridi zaidi."

"Injini haitaki baridi, inataka joto lake. Ukiipoza mno itakunywa mafuta na kujaa masizi."

"Mzee, mnunuzi wangu anaangalia mshale wa joto. Masizi hayaangalii."

Mzee akaifunga ya sabini na moja kwenye gazeti, akamrudishia chenji.

Injinia akaazima spana, akabadilisha themostati. Akajaza maji, akawasha. Injini ikanguruma vizuri, naye akaanza kupiga mluzi. Dakika kumi baadaye maji ya rejeta yalianza kutoa mapovu kama uji, moshi mweupe ukajaa ua mzima, na jirani akaja kuanua nguo zake akilaani. Injinia akachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa: maji yalikuwa yamechanganyika nayo.

Bloku ilikuwa imepasuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Injinia alikuwa amesema kweli.

Alifika kwa mama akihema, kwa miguu. Mama alikuwa kwenye cherehani, hakusimama.

"Umeniibia," Injinia akasema. "Injini ile imekufa."

"Si ndivyo ulivyoniambia? Nikakubali."

"Ulijua!"

"Marehemu alikuwa fundi wa malori, nimemshikia taa miaka kumi na tisa. Bloku ilipasuka mwaka juzi. Mafundi watatu waliniambia kweli, na mkweli halinunui gari la namna hiyo. Nikaona nimsubiri mwongo. Kila nikitoka nalo nikawa namwaga oili, natia mpya. Nikatia themostati iliyoganda, nikawa naliegesha pale karibu na chai yenu. Wiki iliyopita kijana mmoja aligusa mpira, akaniambia, mama, badilisha themostati tu. Nikampa soda, nikamshukuru. Wewe ungesema hivyo, ungekunywa soda."

Injinia akageukia mlango.

"Kaa," mama akamwambia, akimsogezea kigoda. "Pikipiki mimi siiwezi. Nina sare za wanafunzi wa shule tatu za kupelekwa, na natafuta dereva. Mshahara ni mdogo, ila haukosi."

"Niendeshe pikipiki yangu mwenyewe, kwa mshahara?"

"Pikipiki yangu," mama akasema taratibu, akikata uzi kwa meno. "Ukikataa, utatembea."

Jumatatu asubuhi alionekana mlangoni pa mama, kofia ya pikipiki mkononi. Mama akamhesabia sare mia na ishirini, akamfungia mzigo, akampa karatasi atie sahihi. Kabla ya kutia sahihi, Injinia akaufungua mzigo, akazihesabu tena.